Ubia wa Punje Mbili za Kahawa

(Hotuba ya Mratibu Mwandamizi wa Uratibu wa Ushirikiano wa Kimataifa katika Elimu ya Juu, Sayansi na Asasi za Kiraia, Bwana Gaudiosus Rwechungura, aliyoitoa Bugomora, wilayani Kyerwa, kwenye kibanja cha Mama Kokushubira, siku ya kuadhimisha mwaka mmoja wa Chuo Kikuu cha Bugomora. Imenukuliwa neno kwa neno na Joanitha, katibu wa kikao, ambaye amesimama tangu asubuhi kwa sababu kiti chake mheshimiwa amekiwekea kofia.)

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye naye ametuma udhuru, na ambaye kiti chake nakitambua na kukiheshimu, Baba Paroko, pamoja na Mchungaji wetu wa Kilutheri, ambao leo mmekaa benchi moja kwa sababu mabenchi yameletwa mawili tu, jambo ambalo ofisi yangu imekwisha kuliripoti kuwa ni mafanikio ya mazungumzo baina ya madhehebu, Ndugu Dastan, Mwenyekiti wa Kitongoji, ambaye muhuri wake umetufaa sana, wazee wangu mliokuja na mikongojo, na mliokuja bila mikongojo lakini mnaihitaji, akina mama, vijana wa bodaboda mliotoka Rubwera, ambao naomba mzime injini, maana hapa hamtapata abiria mpaka nimalize, kikundi cha ngoma mlioahidiwa soda, na soda ziko njiani, wabia wetu wa kimataifa, ambao hawapo kimwili ila wapo kimkakati, mabibi na mabwana: itifaki yote, pamoja na ile niliyoisahau, naomba ihesabike kuwa nimeitaja.

(Makofi. Ngoma inapigwa mara moja, kisha inanyamaza kuulizia soda.)

Shikamooni wazee wangu.

(Marahaba.)

Kasinge, waitu!

(Kasinge! Kwa salamu hiyo ya nyumbani sauti inatoka vizuri, kwa sababu hapo wameelewa.)

Ndugu wananchi, nasimama mbele yenu nikiwa nimejawa na furaha iliyochanganyika na majukumu, kwa sababu katika kipindi hiki cha mwaka mmoja ofisi yangu, ambayo kwa unyenyekevu mkubwa naomba niseme ni mimi, imetekeleza mchakato ambao mataifa mengine huyachukua miaka mingi, yaani tumekamilisha Awamu ya Kwanza ya Kuwatambua Wadau, tukaingia Awamu ya Pili ya Kuwatambulisha Wadau Waliotambuliwa, na sasa tupo katikati ya Awamu ya Tatu, ambayo ni kutathmini kama utambulisho ule ulitambulika. Na takwimu haziongopi. Katika utafiti shirikishi uliofanywa na shemeji yangu Elick, asilimia tisini na nne ya wananchi waliohojiwa walisema kwamba chuo kikuu ni kitu kizuri, na asilimia sita iliyobaki alikuwa ni mama mmoja, ambaye badala ya kujibu aliuliza kitajengwa wapi.

(Kicheko. Watu wote wanageuka kumtazama Mama Kokushubira, ambaye amesimama nyuma, gunia la machipukizi ya migomba miguuni, jembe mkononi. Ananyoosha ule mkono mwingine.)

Mama, nakuona. Shusha mkono, kutakuwa na muda wa maswali mwishoni, kama muda utakuwepo. Nikiendelea kumzungumzia huyu huyu mama yetu, naomba mmpigie makofi, maana ndiye mwenye ardhi hii tuliyoikanyaga. Wote mnafahamu kwamba migomba ya upande huu wa chini ilipatwa na mnyauko, ikang'olewa yote, mama akaipumzisha ardhi sawasawa na bwana shamba alivyomwelekeza, akangoja bila manung'uniko, na ardhi ilipokuwa imepona na iko tayari kupandwa, ndipo mimi nikapita hapa, nikaitazama kwa jicho la mbali, na pale ambapo mtu wa kawaida angeona shamba, mimi nikaona ukumbi wa mihadhara. Siku ile ile nikaweka vigingi. Vigingi vile mnaviona, vimepakwa rangi nyekundu, na mpaka leo hakuna aliyethubutu kupanda hata mche mmoja ndani yake, huo ndio utawala wa sheria ninaousema, na misimu miwili ya mvua imepita ardhi ikiwa salama kabisa, haina kitu.

(Mama Kokushubira anasema kitu. Hakisikiki, kipaza sauti anacho mheshimiwa.)

Sasa niwaeleze chuo chenyewe, maana kuna watu wa Chonyonyo, jirani zetu wa Karagwe, wanaosambaza maneno kwamba chuo hiki hakionekani. Ndugu zangu, chuo si majengo. Majengo hata ghala la kahawa ni majengo. Chuo ni muundo, na muundo tunao, nimeuchora mimi mwenyewe kwa rangi nne. Pale kwenye mche wa mparachichi ni Kitivo cha Sayansi Asilia. Pale mbuzi alipofungwa ni maabara, na naomba mwenye mbuzi amwondoe kabla hajaathiri matokeo ya utafiti. Ule upande wa mtaro ni Kurugenzi ya Inovesheni. Maktaba itakaa hapa nilipo mimi, na Mkutubi Mkuu tumekwisha kumpata kwa njia ya ushindani wa wazi, naye ni huyu huyu shemeji yangu Elick, ambaye aliwashinda wenzake wote kwa kuwa tayari ana miwani.

(Elick anasimama, anavaa miwani, anakaa.)

Na katika eneo la asasi za kiraia, ambalo wabia wa kimataifa hulipenda sana na huliuliza kabla hata ya kuuliza choo kiko wapi, ofisi yangu haikulala. Tumeanzisha asasi tatu. Ya kwanza inaitwa Sauti ya Wanyonge wa Bugomora, ya pili inaitwa Jicho la Wanyonge wa Bugomora, na ya tatu, kwa kuwa sauti na jicho vilikwisha kuchukuliwa, inaitwa Sikio. Kazi ya asasi hizi ni kunisimamia mimi, kunihoji mimi, na pale inapobidi kunikemea mimi bila woga. Mwenyekiti wa zote tatu ni mimi, na katika kikao cha pamoja tulichokaa juzi, asasi zote zilieleza kuridhika kwake kwa kauli moja, ambayo niliitoa mimi.

(Makofi kutoka kwa Elick. Wingu jeusi linatokeza juu ya kilima. Watu wanaanza kulitazama wingu zaidi kuliko wanavyomtazama mheshimiwa.)

Msitazame juu, tazameni mbele, huko mbele ndiko maendeleo yaliko. Sasa naingia kwenye kiini cha hotuba, ambacho ni ubia. Kuna watu, na sitawataja majina ingawa mmoja wao amekaa benchi la pili, wanaoniuliza kila siku: Mratibu, hao wabia wako wako wapi? Walitia saini lini? Hati iko wapi? Leo nawajibu hadharani. Hati ya makubaliano ipo, na ilitiwa saini hapa hapa, kwenye uga wa Mama Kokushubira, mwaka jana msimu kama huu, kwa kufuata taratibu zetu wenyewe, kwa sababu mimi siamini kwamba Mwafrika lazima atie saini kwa kalamu ya mtu mwingine.

(Minong'ono. Mzee mmoja anaamka usingizini.)

Siku hiyo nilikuwa natoka msibani, nikipita na bodaboda, nikaikuta gari ya wageni imesimama hapo barabarani mbele ya nyumba hii. Wazungu wawili, bwana mrefu mwenye kamera shingoni na mkewe mwenye kofia pana. Hapo hapo nikatambua, kwa uzoefu wangu wa kuwatambua wadau, kwamba hawa ni wadau. Mama Kokushubira, kwa ukarimu unaojulikana, alikuwa amewaweka ugani, akawatandikia majani, akawaletea kahawa ya kutafuna kwenye kisahani kama ilivyo desturi. Na mimi, ndugu wananchi, nikasema moyoni, Gaudiosus, hii nafasi haitarudi. Nikachukua tunda moja la kahawa kwenye kisahani kile, nikalipasua, zikatoka punje mbili, moja nikampa yule bwana mrefu, moja nikaitia mimi kinywani, tukatafuna kwa pamoja, tukitazamana.

(Sauti ya kike: "Omukago!" Kisha kelele.)

Omukago, ndiyo! Mmesema wenyewe! Kwa manufaa ya Mwakilishi wa Mgeni Rasmi ambaye hayupo, naomba nieleze kwamba sisi huku, kabla wazungu hawajatuletea hati za makubaliano, tulikuwa na omukago, undugu wa kuchanjana, watu wawili wanagawana punje mbili za tunda moja la kahawa, kila mmoja anajichanja kidogo tumboni, anaipaka punje damu yake, anampa mwenzake ameze, na kuanzia hapo shida ya huyu ni shida ya yule, mlango wa huyu ni mlango wa yule, na atakayemgeuka mwenzake tumbo humvimba. Niambieni, ni mkataba gani wa kimataifa wenye kifungu kikali namna hiyo? Ile sehemu ya damu, kwa kuzingatia miongozo ya afya ya umma na kwa kuwa mgeni alikuwa na haraka, tuliiahirisha hadi Awamu ya Nne. Lakini punje aliitafuna! Uso ukamkunjamana kidogo kwa ule uchungu, akatikisa kichwa juu na chini, na nchi yake ikawa imeridhia.

(Kelele zinaongezeka. Mama Kokushubira, kwa sauti: "Ile ilikuwa kahawa yangu!")

Ilikuwa kahawa yako, mama, na mchango wako umeandikwa katika kipengele cha Nguvu za Wananchi. Kutokana na ubia huo, ndugu zangu, faida ni nyingi kiasi kwamba nitazitaja chache tu. Kutakuwa na mpango wa kubadilishana wanataaluma, wao watakuja huku kujifunza migomba, sisi tutakwenda kule kujifunza barafu. Kwa majaribio, mpango umekwisha kuanza, na mwanataaluma wa kwanza kusafiri nilikuwa mimi, nikafika hadi Bukoba, kwenye semina, ambako niliiona Ulaya kwenye projekta kwa uwazi wa kuridhisha. Kutakuwa na darubini ya kutazamia nyota. Kutakuwa na mtandao wa intaneti wenye kasi ambayo hata sisi hatutaweza kuifuata. Kutakuwa na kituo cha umahiri, ambacho kitakuwa mahiri katika mambo ambayo yatatambuliwa baadaye na timu ya wataalamu, na timu hiyo itakapotambuliwa...

(Mama Kokushubira amefika mbele. Hakuna aliyemwona akitembea kwa sababu wote walikuwa wanatazama wingu. Ameliburuta gunia lake mpaka kwenye meza kuu. Mwenyekiti Dastan anamsogezea kipaza sauti cha pili, kile ambacho mheshimiwa alisema kimeharibika. Hakijaharibika.)

Mama, tafadhali, ratiba.

(Mama Kokushubira: "Shikamoo siwezi kukuamkia, baba, wewe ni mtoto wangu kwa umri. Swali langu ni dogo. Huyo ndugu yako uliyekula naye omukago, anaitwa nani?")

Jina lake ni... Mama, wabia wa ngazi ile hufahamika kwa taasisi zao.

("Haya. Taasisi inaitwaje?")

Inaitwa kwa kifupi. Yaani kile kifupi chake chenyewe bado kinafanyiwa...

("Na muziro wake je? Ukoo wao mnyama gani hawali? Maana mtu hali omukago kabla hajauliza jina la mwenzake, na ukoo, na muziro. Hayo ndiyo ya kwanza. Kahawa huja mwisho. Babu zetu hawakupasua kahawa na mpita njia." Wazee wote: "Ni kweli! Ni kweli kabisa!" Hata Baba Paroko, ambaye hakupaswa kuwa na maoni, anaitikia kwa kichwa.)

Ndugu wananchi, tusiingize hisia kwenye masuala ya kitaalamu. Kuhusu muziro wa mbia, ofisi yangu italifanyia kazi, tutaunda kamati ndogo...

(Sauti kutoka kwa vijana wa bodaboda: "Na tumbo je, mheshimiwa? Mbona limevimba?" Kicheko kikubwa. Kikundi cha ngoma kinapiga bila kuombwa.)

Tumbo hili ni la utumishi wa umma! Nililipata kazini! Naomba utulivu. Joanitha, hilo la tumbo usiliandike.

(Nimeandika.)

(Mama Kokushubira hacheki. Anasema: "Ninyi mnacheka. Mimi misimu miwili nanunua ndizi. Mimi, Kokushubira, mwenye kibanja cha baba mkwe wangu, nachukua kikapu nakwenda gulioni, napanga mstari na watumishi waliohamia juzi, nanunua mkungu kama mtu asiye na kwao. Watu wananisalimia huku wanatazama kikapu. Nimeona aibu, waitu. Nimekuwa nakwenda gulio la mbali ili nisikutane na mnaonijua. Haya machipukizi binti yangu Agnetha ameyatoa Chonyonyo, hayana ugonjwa, na jua la hotuba hii limeyachoma tangu asubuhi. Mvua ile inakuja. Yasipoingia ardhini leo, yamekufa. Sasa sikiliza, mheshimiwa. Kahawa mliyokula ilikuwa yangu, kisahani changu, uga wangu. Kama pale kuna undugu ulioliwa, umeliwa nyumbani kwangu, na wewe ni ndugu wa nyumba hii. Ndugu akiwa na shida ya kupanda, ndugu yake hushika jembe. Kama si ndugu, basi ng'oa vigingi vyako uende. Chagua kimoja.")

(Anamnyooshea mheshimiwa jembe. Mheshimiwa anashusha karatasi zake. Ni mara ya kwanza leo. Tone la kwanza la mvua linaangukia kofia yake iliyo kwenye kiti changu.)

Nimepokea.

Nimepokea maoni ya mdau, na nafurahi kulijulisha kongamano hili kwamba maoni hayo yanaendana kabisa na kile nilichokuwa nakaribia kukisema ukurasa unaofuata, kwamba katika hatua hii ya utekelezaji, kwa mamlaka niliyojipa, natangaza kuhamishwa kwa vigingi kutoka ardhini kwenda sehemu nyingine yoyote...

(Vigingi vinang'olewa kabla sentensi haijaisha. Vijana wa bodaboda wanavibeba. Mama mmoja anaomba vinne vya kuegeshea maharage, anapewa.)

...na kwamba badala ya jiwe la msingi, ambalo lingeweza kuchelewa, mimi mwenyewe sasa hivi nitapanda mche wa msingi, na naomba mpiga picha asogee. Elick, shika kipaza sauti karibu na mdomo wangu, nina jembe. Natamka rasmi, shimo hili, Mama, upana huu unatosha? Hautoshi. Natamka rasmi kwamba Kitivo cha Sayansi Asilia kimefunguliwa, jamani viatu vyangu, na kwamba mche huu uwe alama ya ushirikiano baina ya mabara, na huu wa pili uwe alama ya, Mama, yote haya ni mangapi? Gunia zima? Basi mengine na wananchi wayazindue wenyewe, ugatuzi wa madaraka ndiyo sera yetu.

(Watu wameingia shambani. Baba Paroko amekunja mikono ya kanzu. Mchungaji anapokea machipukizi kutoka kwa Mama Kokushubira na kumpitishia Baba Paroko. Hili nalo mheshimiwa atalitia kwenye ripoti.)

Kabla sijahitimisha, kaulimbiu zetu tafadhali, kwa nguvu. Nikisema Ubia, mnasema Maendeleo. Ubia!

("Lete lingine!")

Sayansi!

("Fukia vizuri hapo!")

Chuo Kikuu cha Bugomora!

("Nani kachukua lile jembe la mpini mfupi?")

Ahsanteni kwa mwitikio huo. Na sasa nihitimishe, na huu ndio mwisho wa mwisho, kwa kutoa shukrani, kwa sababu mtu asiyeshukuru hapewi kipindi kingine. Namshukuru shemeji Elick kwa utafiti. Nazishukuru Sauti, Jicho na Sikio kwa kutokuona wala kusikia wala kusema jambo lolote baya. Nakishukuru kikundi cha ngoma, na ile soda sasa niseme ukweli, haikuwa njiani. Na kwa namna ya pekee kabisa nawashukuru wabia wetu wa kimataifa, yule bwana mrefu na mkewe, ambao majina sikuwauliza na anwani hawakuacha, waliosimama hapa mwaka jana kwa sababu gari yao ilikuwa imezama kwenye matope, wakaniuliza jambo moja tu, njia ya kwenda kwenye maji moto ya Mtagata, wakasukumwa na vijana, wakapunga mkono, wakaondoka. Neno chuo hawakulitaja. Nililitaja mimi, gari ilipokwisha kukata kona. Na kama kuna yeyote hapa atakayebahatika kuwaona, hata ikiwa ni ng'ambo ya mpaka, maana ndiko nilikowaelekeza, naomba awasalimie sana kutoka kwa ndugu yao Gaudiosus, na awaambie nasikitika, Mtagata ilikuwa warudi walikotoka.

Asanteni kwa kunisikiliza.

(Hakuna makofi, mikono yote ina udongo. Mvua imeshika. Mama Kokushubira anatazama shimo la mheshimiwa, anasema halijafika kina, achimbe tena.)